Mwanamume Mwenye Mtungi wa Maji



Tafakari yetu ya juma hili inaanzia lamboni na inaishia kwenye Karamu ya Mwisho. Tunawaomba mtuvumilie, kwa sababu katikati ya safari hiyo tutasema maneno machungu, na baadhi ya maneno hayo yanatuhusu sisi wenyewe tunaoandika.

Mwamini mmoja wa parokia yetu, ambaye jina lake tunalihifadhi, alijaliwa mtoto wa tatu. Mkewe alijifungua kwa upasuaji. Ili kumfikisha hospitali usiku ule, ilimlazimu bwana huyu kuuza baiskeli yake. Mama yake mzazi alikwishatangulia mbele za haki. Mama mkwe ni mgonjwa na anaishi mbali. Mtoto wao mkubwa hajatimiza miaka sita. Basi waliporudi nyumbani, alifanya jambo ambalo hali ilimtaka alifanye. Alichukua dumu la lita 20, akaenda lamboni, akachota, akasokota ngata, akajitwika.

Ninyi nyote mnajua kilichofuata, kwa sababu wengi wenu mlikuwepo. Akina mama waliokuwa lamboni waliangua kicheko, na mmoja akamwuliza: "Shemeji, kumbe wewe ndiye uliyeolewa?" Vijana waliokaa chini ya mti walipiga miluzi na kusema limbwata limemkolea. Mzee mmoja, kwa upole wa sauti uliouma kuliko miluzi, alimwambia: "Mwanangu, hivi huna dada?" Siku ya pili sisi wenyewe tulikuwa tunarudi kutoka kigangoni kwa pikipiki, tukamkuta njiani na dumu lake kichwani. Tulisimama. Alitupa "Tumsifu Yesu Kristo" bila kugeuza shingo, maana maji yangemwagika. Nasi, badala ya kushuka na kumtua mzigo, tulimtania: "Leo tumepata mama mwingine wa WAWATA!" Tukacheka, tukawasha pikipiki, tukaenda zetu.

Siku ya nne hakwenda lamboni. Alikwenda mkewe. Zilikuwa hazijatimia hata wiki tatu tangu apasuliwe. Mshono ukafumuka, ukaingia usaha, na mama yule akarudishwa hospitali, akalazwa siku 11. Mungu ashukuriwe, yu hai, na mtoto yu hai. Lakini hatuwezi kumshukuru Mungu kwa uhai wake kisha tukanyamaza kuhusu kilichomrudisha kitandani. Ni kicheko. Kicheko chetu sote, pamoja na cha paroko.

Wapendwa, hebu tujiulize ni kitu gani hasa tulichokiona siku ile kikatuchekesha. Hatukumwona mlevi akianguka mtaroni. Tulimwona mume akimpelekea maji mke mgonjwa. Mbele ya Mungu hilo ni tendo la huruma. Mbele yetu lilikuwa kituko, kwa kuwa tu maji yalikaa juu ya kichwa ambacho hatukuzoea kuyaona.

Jambo hili si la Handeni peke yake. Huko Marekani, profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, Harold Garfinkel, aliwapa wanafunzi wake kazi ya ajabu, akaieleza katika kitabu chake cha mwaka 1967. Aliwataka warudi nyumbani kwao wakajifanye wapangaji katika nyumba za wazazi wao wenyewe: waongee kwa heshima ya kigeni, waombe ruhusa kabla ya kufungua jokofu, wasiseme neno mpaka wasemeshwe. Hawakumtukana mtu wala kuvunja chombo. Hata hivyo wazazi walifadhaika, wengine wakakasirika. Na swali lililojirudia lilikuwa hili: Una nini? Je, unaumwa? Umechoka? Umegombana na mtu? Familia hazikuweza kustahimili jambo lisilo la kawaida mpaka zilipate sababu, na sababu waliyoitafuta ilikuwa kasoro ndani ya mtu mwenyewe.

Je, hamwoni ndugu zake limbwata hapo? Mwanamume akimhudumia mkewe, hatusemi anampenda. Upendo hautoshi kuwa sababu. Tunatafuta dawa, tunatafuta mganga, tunatafuta unga uliotiwa kwenye mboga. Na kabla hatujajiona sisi ndio wa kwanza kufikiri hivyo, tusome Injili ya Marko sura ya tatu. Bwana wetu alipokuwa akiwahudumia watu hata akakosa nafasi ya kula, jamaa zake walitoka kwenda kumkamata wakidhani amerukwa na akili (Mk 3:21). Aya inayofuata, waandishi walioshuka kutoka Yerusalemu wakasema ana Beelzebuli (Mk 3:22). Ndugu wanasema kichaa, wakubwa wa dini wanasema pepo. Leo hii, pale lamboni, wangesema limbwata.

Wapo wanaotuambia: "Padre, mnakuza mambo. Ulikuwa utani tu. Mtu mzima haui mkewe kwa sababu ya utani." Tunawajibu kwa mambo mawili.

Kwanza, msiudharau uzito wa kutazamwa. Katika miaka ya 1970, profesa mwingine, Stanley Milgram, aliwatuma wanafunzi wake katika treni za chini ya ardhi za New York wakawaombe abiria wasiowajua wawapishe viti, bila kutoa sababu yoyote. Zaidi ya nusu ya abiria walioombwa hivyo walisimama. Hakuna aliyepigwa. Lakini wale walioomba waliteseka kuliko walioombwa: walibabaika, wakajisikia vibaya, na profesa mwenyewe alipojaribu, maneno yalimkwama kooni. Ikiwa ombi moja kwa mgeni ambaye hutamwona tena lina uzito huo, je, kuchekwa kila asubuhi na majirani utakaozikwa nao kuna uzito gani? Dumu lile lina kilo 20. Vicheko vyetu vilikuwa vizito zaidi, ndiyo maana alilitua dumu.

Pili, kicheko kinachoachwa kikue huota mikono. Wazee wetu wanakumbuka Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Kabla hata marufuku haijaanza kutumika, makundi ya vijana pale Kariakoo, Dar es Salaam, yaliwavamia akina mama na mabinti waliovaa nguo zisizowapendeza, hata polisi wakalazimika kuingilia. Novemba 2014, katika kituo cha matatu jijini Nairobi, kundi la wanaume lilimvua nguo mwanamke hadharani kwa madai kwamba hakuvaa kwa adabu, yaani walilinda adabu kwa kumwacha dada yao uchi, na mamia ya watu wakaandamana kupinga unyama huo. Hatusemi kwamba wa Kang'ata wamefika huko. Tunasema kwamba njia ni moja, nayo huanza na kumwona jirani kuwa mali ya umma kwa sababu tu hakufanana nasi.

Sasa tuingie katika hoja kubwa, ile inayotolewa kwa sauti nzito hata ndani ya jumuiya zetu: "Mila ni mila. Mwacha mila ni mtumwa. Kuchota maji ni kazi ya mwanamke."

Tunaiheshimu mila. Hatukuja Kang'ata kuwafanya Wazigua wasiwe Wazigua. Lakini hoja hii haisemi kweli, na tutaonyesha kwa nini.

Tembeeni njiani wakati wa kiangazi, maji yanapokuwa haba. Ni akina nani wanaosukuma baiskeli zenye madumu manne manne? Ni akina nani wanaovuta mikokoteni ya maji na kufunga madumu juu ya bodaboda? Ni wanaume, wenye ndevu zao. Wanachota katika malambo yale yale, katika visima vile vile, na hakuna anayewapigia miluzi wala kuwauliza wameolewa na nani. Kwa nini? Kwa sababu wanauza. Basi kumbe maji si ya kike hata kidogo! Mwanamume akimchotea maji mke wa mtu mwingine kwa shilingi, huyo ni mtafutaji. Akimchotea mke wake mwenyewe kwa upendo, huyo ni mume bwege. Tunaomba mtu yeyote mwenye kuipenda mila atuonyeshe ni babu yupi aliyeacha wosia wa namna hiyo.

Tena mila yenyewe inasemaje kuhusu mzazi? Inamtaka atunzwe siku 40. Apewe uji, akandwe, asiguse mzigo. Hiyo ndiyo mila ya kweli, mila iliyowekwa na watu waliowazika wazazi wengi hata wakajifunza. Siku ile lamboni kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa akiitunza arobaini ya mke wake, naye ndiye tuliyemcheka kwamba amevunja mila. Sisi tulioitetea mila ndio tulioivunja. Tulichokilinda ni mazoea, nayo mazoea ni mtoto mvivu wa mila, anayevaa joho la baba yake bila kufanya kazi ya baba yake.

Na kuna jambo jingine linalotuaibisha. Tunao miongoni mwetu wanaume waliouza mahindi yote ya msimu, wakanywa fedha yote, na wake zao wakaenda kukopa unga. Je, hao tumewapigia miluzi? Wapo waliowapokonya wajane shamba la marehemu ndugu yao. Tunawaamkia "shikamoo" na kuwapisha kiti. Mtoto akipita bila kuamkia, kijiji kizima kinauliza analelewa na nani; mtu mzima akimpiga mkewe usiku, kijiji kizima kina usingizi mzito. Macho yetu yamekuwa makali kwa kidogo na mapofu kwa kikubwa. Bwana wetu aliwaambia Mafarisayo kuhusu kumchuja mbu na kummeza ngamia (Mt 23:24). Sisi tulimchuja mwanamume mwenye dumu.

Wala hatusemi kwamba kila avunjaye desturi ni nabii. Kijana anayempita mzee kimyakimya na simu masikioni hajamkomboa mtu yeyote. Amemnyima mzee wake neno moja lisilogharimu chochote. Anayeingia msibani akicheka kwa sauti hajaleta uhuru. Desturi nyingi ni nguo ya upendo, na anayeichana bila sababu anamwacha jirani kwenye baridi. Kipimo ni rahisi, hata mtoto wa Komunyo ya kwanza anakiweza: Je, desturi hii, leo, katika nyumba hii, inamtunza mtu au inamwumiza? Bwana alikitumia kipimo hicho hicho kwa desturi takatifu kuliko zote za taifa lake, alipofundisha kwamba Sabato iliwekwa kwa ajili ya mwanadamu (Mk 2:27).

Wazee wetu walikijua kipimo hiki pia. Tazameni utani. Msibani, wakati kila mtu amefunga kinywa, mtani anaruhusiwa kumwigiza marehemu, kuficha jembe la kuchimbia, hata kujilaza kaburini akidai alipwe ndipo atoke. Anavunja kila adabu ya kilio, na hakuna anayemkasirikia, kwa sababu anavunja ili kumwinua mfiwa. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba sisi tulipocheka tulikuwa tunatania. Mtani hucheka ili aliyelemewa apumue. Sisi tulicheka, na aliyelemewa akaongezewa mzigo. Huo haukuwa utani; ulikuwa ukatili uliovaa shati la utani, na sisi paroko wenu tulilivaa pia.

Hata Taifa letu liliambiwa mapema. Katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere hakuwaficha wanaume wa vijijini: aliwaonyesha kwamba akina mama wa vijijini wanafanya kazi kuliko watu wote nchini, hata siku za Jumapili na sikukuu, ilhali wanaume wengi wako likizoni nusu ya maisha yao. Kwa lamboni kwetu Azimio lile halijafika. Tunaomba na kutarajia siku ambayo maji yatafika kila mlango. Mikataba ya mradi wa Miji 28, ambao Handeni imo, ilisainiwa Juni 2022. Lakini bomba haliponyi moyo. Likifika, tutatafuta jambo jingine la kumchekea mume anayempenda mkewe.

Sasa twende kwenye Maandiko, maana Biblia imejaa maji na watu waliovunja mazoea kando yake.

Musa alipokimbilia Midiani alikaa kando ya kisima. Mabinti wa kuhani Reueli walikuja kunywesha mifugo, wachungaji wakawafukuza. Musa akasimama, akawatetea, tena akachota maji kwa ajili yao. Mabinti walipomsimulia baba yao, mzee yule hakucheka. Aliuliza mtu huyo yuko wapi, na kwa nini wamemwacha bila kumkaribisha chakula (Kut 2:16-20). Tazama tofauti kati ya mzee wa Midiani na sisi! Yeye aliona mwanamume akichota maji kwa ajili ya wanawake, akatayarisha meza.

Katika Injili ya Yohane, Bwana mwenyewe anakaa kisimani Samaria na kumwomba mwanamke maji. Wanafunzi wanaporudi wanashangaa kumkuta akizungumza na mwanamke, lakini hakuna anayethubutu kuuliza (Yn 4:27). Hata Mitume walikuwa na yale macho ya lamboni! Na mwanamke yule akauacha mtungi wake, akaenda mjini kumtangaza Kristo.

Mtungi ule uliachwa kisimani. Nani ataubeba? Soma Marko 14:13, au Luka 22:10. Siku ya kuandaa Pasaka, wanafunzi hawajui karamu itaandaliwa wapi. Bwana anawaambia waingie mjini. Watakutana na mwanamume amebeba mtungi wa maji. Wamfuate, na nyumba atakayoingia ndiyo. Wafafanuzi wengi wa Biblia wanatueleza kwa nini ishara hiyo ilitosha katika mji uliofurika mahujaji: kubeba mtungi kulikuwa kazi ya wanawake, na mwanamume mwenye mtungi angeonekana mara moja. Bila shaka wapo waliomtazama kwa kicheko njiani. Petro na Yohane hawakuwa na nafasi ya kucheka. Walipaswa kumfuata.

Wapendwa, lipokeeni jambo hili mioyoni mwenu. Chumba ambamo Ekaristi Takatifu iliwekwa kilipatikana kwa kumfuata mwanamume aliyebeba maji. Kama wanafunzi wale wangekuwa sisi, wangepiga miluzi, mtu yule angeona aibu, angelitua mtungi wake, na wao wangebaki barabarani wakiuliza karamu iko wapi.

Na ndani ya chumba kile, Bwana alifanya nini? Alimimina maji katika beseni, akaosha miguu. Petro alikataa kwa hasira ya mtu aliyeona desturi ikipinduliwa: mkubwa haoshi miguu ya mdogo (Yn 13:8). Miaka elfu mbili baadaye, Alhamisi Kuu ya mwaka 2013, Papa Fransisko alikwenda katika gereza la vijana jijini Roma, akaosha miguu ya wafungwa, na miongoni mwao walikuwamo wasichana na Waislamu. Wakristo wengi walikwazika kuliko Petro. Mwaka 2016 kanuni ya ibada ikabadilishwa rasmi ili wanawake nao waweze kuoshwa miguu. Papa Fransisko alifariki mwaka 2025, lakini beseni lile bado lipo katikati ya Kanisa. Na jirani zetu Waislamu, ambao hapa Handeni tunaishi nao nyumba kwa nyumba, nao hufundishwa kwamba Mtume wao alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake. Basi hatuna pa kujifichia, si kanisani wala msikitini.

Tumekwisha kwenda nyumbani kwa bwana yule na mkewe. Tuliomba msamaha. Mama alitukaribisha kiti, akatuletea maji ya kunywa, nasi tulishindwa kuyameza kwa haraka. Mume alisema neno moja tu: "Padre, sikuchoka maji. Nilichoka macho." Hatuna homilia iliyo bora kuliko hiyo.

Kwa hiyo tunatoa matangazo badala ya mawaidha, maana muungwana ni vitendo. Mpaka mama yule atimize siku zake za kupumzika, nyumba ile itapelekewa maji kila asubuhi. Jumamosi hii, saa kumi na mbili, sisi paroko wenu tutakuwa lamboni na dumu letu na ngata yetu. Tunawaalika wanaume wote wa UWAKA, na vijana wote wa VIWAWA, hasa wale waliokuwa chini ya mti. Baiskeli zibaki nyumbani, tutajitwika. Akina mama mnakaribishwa mje mkae kivulini. Anayetaka kucheka aje acheke, tumezoea sasa. Lakini anayetaka kujua karamu iko wapi, na ajitwike dumu atufuate.

Tunawatakieni Dominika njema yenye amani na baraka tele. Mwenyezi Mungu awabariki: Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.